Milki na Maarifa

Mtu aliyenunua gari la spoti kwa fedha halali, akaandikiwa hati kwa jina lake, kisha asijue kilichomo chini ya boneti, je, amelimiliki, au ni mpangaji tu katika milki ya fundi? Suala hili hunijia nikiifikiria MGB, gari dogo la Kiingereza lililotoka Abingdon mwaka 1962, ambalo injini yake ya sentimita za ujazo 1,798 huvuta pumzi kwa kabureta mbili, nazo zisipovuta kwa kadiri moja, gari hutetemeka mithili ya mwenye homa. Dawa yake ni sahali, ila yataka subira: mwenye gari, uani kwake, hushika kipande cha mpira, ncha moja sikioni, ya pili kinywani mwa kabureta, akausikiliza mvumo wa hii na wa ile, akikaza na kulegeza skurubu hadi sauti zilingane. (Mikono huchafuka na jirani hucheka; si neno.) Hapo, kwa rai yangu, ndipo milki huanza, kwani hati humtambulisha mtu kwa serikali, bali sikio humtambulisha kwa kitu chenyewe. Breki, hata hivyo, ewe msomaji, usiziguse kama hujazijua, mpelekee fundi.