Alikuwa Anakunywa?

"Kwani alikuwa anakunywa?"

Swali hili niliulizwa Tandika, msibani kwa kaka yangu, mwaka 2024, hata jeneza halijatoka. Aliyeniuliza alikuwa mzee wa mtaani kwetu, mtu mwema, na aliuliza kwa sauti ya chini kama adabu ya msiba inavyotaka. Mpaka jua linazama nikawa nimeulizwa na watu wanne. Marehemu alikuwa na miaka 31. Alikufa kwa saratani ya ini. Na watu wanajua, au wanadhani wanajua, kwamba ini ni ugonjwa wa walevi.

Kaka hakuwa mnywaji. Kijiweni masela walimwita Mzee wa Soda. Lakini ndugu msomaji, nikiri mapema: yule wa nne nilimjibu, "Ah, si unajua tena mambo ya ujana." Nilikuwa nimechoka. Nikaona uso wake unatulia. Akashusha pumzi, akaniombea subira, akaenda zake kunywa chai.

Ule utulivu ndio ulionikosesha usingizi. Alitulia kwa nini? Hebu tuambiane ukweli: alitulia kwa sababu, kama marehemu alijitakia, basi yeye aliyehai yuko salama. Lawama ni kama chandarua. Tunajifunika tupate kulala. Kumbe wenyewe kimetoboka.

Na hata angekuwa anakunywa, ndiyo nini? Je, bia za Jumamosi zinampunguzia mtu haki ya kuliliwa? Mimi kwa kumsingizia kaka yangu nilikuwa nimelikubali hilo bila kujua.

Daktari alikuwa ametueleza yote mapema. Saratani ile ilitokana na kirusi cha homa ya ini B. Mtoto akikipata wakati wa kuzaliwa au akiwa mchanga, karibu 9 katika kila 10 hubaki nacho maisha yao. Mtu mzima akikipata, mara nyingi mwili wake hukishinda; wanaobaki nacho hawafiki 5 katika 100. Kwa hiyo kaka yangu huenda alikibeba tangu hajajua kusema "mama". Kirusi hukaa kimya miaka 20, miaka 30. Ini nalo halina kelele. Siku ubavu wa kulia unapoanza kuuma, macho yakawa manjano, tumbo likajaa maji, mara nyingi muda umeshakwisha. Ndiyo maana ugonjwa huu, ambao Ulaya huwapata zaidi wazee, huku kwetu unachukua watu wa miaka 30 na 40. Sumukuvu ya mahindi na karanga zilizoota ukungu nayo humwongezea hatari mwenye kirusi.

Kisha daktari akamalizia, "Watoto wote wa mama mmoja wapimwe. Na mama mwenyewe."

Hapo ndipo penye swali langu. Kiswahili kinasema mtu akiumizwa sana kwa maneno, amekatwa maini. Je, mimi niende kwa mama aliyetoka kumzika mwanawe, nimwambie kwamba huenda kirusi kilitoka kwake? Si ndiyo kumkata maini huko? Nikinyamaza, nimemhifadhi mama. Lakini dada yangu je? Nilikaa na maneno hayo kooni wiki tatu.

Kilichonisaidia ni lugha yetu yenyewe. Tuna neno chanzo na tuna neno kosa, na sisi tunayachanganya kila siku. Mto una chanzo. Mto hauna kosa. Tena hata chanzo chenyewe hatuna hakika nacho, maana kirusi hiki hupita pia kwa watoto wanaocheza pamoja wana vidonda, au kwa wembe mmoja uliotumika kwa wengi.

Kosa, kama lipo, mimi nalitafuta kwingine. Chanjo ya kirusi hiki ipo tangu 1982. Taiwan walianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984, na baadaye saratani ya ini ikapungua kwa watoto wao. Mwaka 1992 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipendekeza kila nchi iitoe. Kaka yangu alizaliwa 1993, mimi 1999. Tanzania ilianza kuwapa watoto wachanga mwaka 2002. Chanjo ilikuwa ghali, na nchi maskini zilisubiri. Sasa niambie, katika miaka hiyo yote, mama aliyebeba mtoto mgongoni akapanga foleni ya kliniki alikosea wapi?

Nilimwambia jioni moja anakuna nazi. Akasimamisha mikono.

"Kwa hiyo nilimpa mimi?"

"Inawezekana, mama. Na inawezekana siyo wewe."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Halafu akasema, "Na mimi nilipewa na nani?"

Sikuwa na jibu. Bibi alishakufa zamani, na bibi naye alikuwa na mama yake. Mama alilia usiku ule, sitakuficha. Nilimsikia. Lakini asubuhi yeye ndiye aliyetangulia kuvaa, akatugongea milango: "Twendeni."

Mimi sikukutwa na kirusi, nikachanjwa mara 3. Dada yangu alikutwa nacho. Sasa anameza kidonge kila siku na ini lake linaangaliwa kila baada ya miezi 6. Hakuwa akiumwa popote. Majibu ya mama ni ya mama, siyaandiki hapa.

Sisemi kwamba ukweli hauumizi. Umeumiza nyumbani kwetu. Nasema tu kwamba huruma inayonyamaza ingemwacha dada afuate njia ile ile, na sisi tungekaa tena kwenye jamvi tukijibu swali lile lile.

Juzi nilimtafuta yule mtu wa nne. Nikamwambia, "Mzee, nilikudanganya. Kaka hakunywa. Ni kirusi, na mtu anaweza kuwa nacho asijue. Wewe umeshapima?"

Hakunijibu. Lakini safari hii uso wake haukutulia, na nadhani nilimtendea wema kuliko siku ile.