Mbishi Katika Uwanja wa Shabaha

Mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha asiyeridhika na lolote, apingaye hesabu ya alama, apingaye zamu, apingaye hata amri ya kusitisha ufyatuaji, je, wenziwe wamstahimili au wamtoe? Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliutia ubishi katika maafa ya ulimi ndani ya Ihya Ulum al-Din. Nayo hadithi aliyoipokea Abu Daud yamwahidi nyumba pembezoni mwa Pepo aachaye ubishi ingawa haki ni yake. Wengi huisoma kuwa agizo kwa mbishi. Mimi naona yatuhusu zaidi sisi tunaomjibu.

Hapa Ijuganyondo, katika Manispaa ya Bukoba, ambako twafundishwa kustahimiliana na chama cha kuzikana wala si na uwanja wa bunduki, mbishi hatolewi upesi, kwa kuwa siku ya msiba huenda akawa wa kwanza kushika jembe (na kubishania upana wa kaburi).

Lakini silaha ina hukumu yake. Mtume alikataza kumwelekezea mtu chuma, ajapokuwa ndugu wa baba na mama mmoja. Basi akaidiye amri ya kusitisha na apokonywe bunduki papo hapo, pasi na mjadala. Kuhusu alama, ajibiwe mara moja, kisha anyamaziwe. Na ikidhihiri kuwa msimamizi ndiye aliyekosea, zisahihishwe mbele ya wote.