Waliosimama Pembeni ya Picha

Picha nyingi za simu zina umbo la nne kwa tatu. Slaidi ya filamu ya milimita 35 ina umbo la tatu kwa mbili: milimita 36 kwa 24. Ukitaka picha ya simu iliyopigwa kwa ulalo iijaze slaidi yote, lazima uondoe sehemu moja ya tisa ya kimo chake. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kazi ni kuamua sehemu hiyo itoke juu au itoke chini, maana juu kuna mawingu na chini kuna watu.

Chukua picha ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, wenye kuba na matao yale ya mawe ya matumbawe. Katikati pamesimama ukuta. Chini kabisa, karibu na ukingo, mama mmoja amekaa kivulini na ndoo yake. Wala si ajabu kumkuta hapo. Kisiwa kiliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, lakini kijiji kipo, watu wanavua na kulea watoto katikati ya magofu. Hata hivyo mkono wa anayeandaa picha huenda chini wenyewe. Hukata ndoo, hukata mama, na mawingu yakabaki. Ukimuuliza atakuambia anataka gofu lionekane vizuri.

Je, ana haki hiyo?

Kwenye simu swali hili ni jepesi, kwa sababu picha ya awali huwa bado ipo mahali fulani. Filamu haina mahali fulani. Picha ikishapangwa kwenye kompyuta, mashine huionyesha kwenye kioo kidogo kama cha televisheni za zamani, mara tatu, kupitia kichujio chekundu, cha kijani na cha bluu, huku filamu ikikusanya mwanga. Kisha filamu husafishwa kwa dawa, hukatwa, hutiwa kwenye fremu ya plastiki au karatasi ngumu. Na fremu nayo hula kidogo kila upande, kwa hiyo aliyebahatika kubaki ukingoni anaweza kukatwa mara ya pili. Kinachotoka hapo ndicho asili mpya. Mtu atakayekiinua kwenye dirisha miaka 60 ijayo hatajua kwamba palikuwa na mama.

Wapo wanaosema kazi hii imepitwa na wakati. Kodak iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004. Lakini filamu ya slaidi ya Ektachrome, iliyokuwa imeondolewa, ilirudi sokoni mwaka 2018, na sababu ya kuitaka inaeleweka: slaidi haiombi nywila wala programu. Inahitaji jicho na jua. Tatizo la kwetu pwani ni unyevu, maana kuvu hupenda filamu kuliko hata sisi tunavyoipenda, na mahali pa kuihifadhi vizuri ni pakavu na pa baridi, yaani mbali na Kilwa. Kwa hiyo huenda slaidi ikasafiri, ikamwacha mama nyuma mara ya tatu.

Nadhani kuna kipimo kinachosaidia. Doa la vumbi lililokuwa kwenye lenzi ni mali ya kamera. Lifute bila kusita. Ukuta ulioonekana kuegemea kwa sababu simu ilishikwa upande, unyooshe. Lakini chupa ya plastiki iliyolala kwenye kizingiti ni mali ya mahali, hata kama inatutia aibu. Funika kombe mwanaharamu apite ni hekima ya sebuleni, mgeni akija. Kwenye kumbukumbu, kombe lililofunikwa ni uongo.

Vivuli vina hoja yake, na hapa nakaa kidogo. Filamu ya slaidi ina uvumilivu mdogo wa mwanga. Saa saba mchana, ukuta wa chokaa ukiungua kwa jua na mtu akiwa chini ya tao, filamu haiwezi kuwatunza wote wawili: ukuta ukionekana vizuri, uso unakuwa shimo jeusi, uso ukionekana, ukuta unageuka filamu tupu isiyo na chochote. Na kwa miaka mingi filamu za rangi zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, kwa hiyo nyuso zetu zilikuwa zikipotea tangu kiwandani. Picha ya kidijitali inatupa nafasi ambayo mpiga picha wa zamani hakuwa nayo: kuinua kivuli na kushusha mng'ao kabla filamu haijaguswa. Mwenye msimamo mkali ataita huo udanganyifu. Sikubali. Jicho la mtu aliyesimama pale liliona ukuta na liliona uso. Anayeinua kivuli anairudishia picha kitu ambacho jicho lilikuwa nacho.

Gharama ya kuwaacha watu pembeni tunaijua vizuri huku kusini. Kati ya 1909 na 1913, miaka michache tu baada ya Vita vya Maji Maji, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi. Mamia ya wenyeji walichimba, na wapagazi wakabeba mizigo kwa miguu, mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa melini kwenda Berlin. Mnyama mmoja amesimama huko katika jumba la makumbusho, kimo chake zaidi ya mita 13. Majina ya wakuu wa msafara, Janensch na Hennig, yanajulikana tangu siku ile. Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Wengi wa waliobeba hata hilo hawana.

Basi kuna njia ya kumwacha mama wa Kilwa ndani? Ipo, na ni rahisi kuliko mabishano haya yote. Acha picha nzima kama ilivyo, weka nyeusi pande zote mbili. Ukutani itaonekana ndogo kidogo, na wapenda fremu iliyojaa watalalamika.

Lakini kipimo changu cha kamera na mahali kinakwama kwake, kwa sababu yeye si chupa. Ana kauli. Huenda hataki kukaa kwenye kabati la watu asiowajua, na ndoo yake, kwa miaka 60. Picha ya simu anaweza kuomba ifutwe. Slaidi ikishaondoka, ataiombea wapi? Aulizwe kabla. Shikamoo, bibi, picha hii tunataka kuiweka, nawe umo. Akikataa, kata, hata kama mawingu ndiyo yatakayobaki. Akikubali, fremu ina ukingo mweupe unaotosha maneno machache kwa kalamu isiyofutika, na hapo aulizwe tena jina liandikweje, maana wengi pwani wana jina la karatasi na jina la nyumbani.