Nani Ashukuriwe kwa Vitz?

Dar es Salaam umri wa gari husomwa kwenye pleti namba. Namba A ni mzee, namba B ni mdogo wake wa karibu, namba E ndiyo juzi tu imetoka bandarini. Vitz ya mwalimu mmoja wa sekondari, mkazi wa Tabata, ilikuwa namba B. Injini yake ilikuwa ya cc 997, haifiki hata lita moja, na mtaani aina hiyo wanaiita bebi woka, kwa kebehi. Kwa miaka 13 bebi woka hiyo ilimpeleka kazini, ikabeba magunia ya mahindi, wagonjwa na bibi harusi mmoja, na haikumlaza njiani hata siku moja.

Alfajiri, akishakaa kwenye usukani, mwalimu alisoma dua ya safari. Kisha akaipiga dashibodi makofi mawili mepesi. “Ahsante, bibi. Haya, twende.”

Mkewe, pembeni, pochi mapajani, hakuacha kumtania: “Baba watoto, hilo bati litakuitikia lini?”

Mke alitania, lakini alikuwa amegusa penyewe. Dua ile imetoka katika Kurani, sura ya 43, na stika zake zimebandikwa kwenye daladala nyingi za mjini. Kwa ufupi, msafiri anamtakasa Yule aliyekitiisha chombo kwa ajili ya binadamu, ambaye kwa nguvu zake mwenyewe asingekiweza. Aya iliyotangulia inataja merikebu na wanyama wa kupanda. Leo anayesoma yuko ndani ya Vitz. Chombo kinatajwa, ila sifa zinakipita na kwenda juu kwa aliyekitiisha. Yale makofi mawili hayaendi popote. Yanaishia kwenye dashibodi.

Huko ilikozaliwa Vitz, wapo ambao wasingemcheka. Wajapani wana ibada iitwayo hari-kuyo. Kila tarehe 8 Februari washonaji wa Tokyo hupeleka katika hekalu la Wabudha la Senso-ji sindano zao zilizopinda na kuvunjika. Hawazitupi jalalani. Huzichomeka kwenye kipande cha tofu, chakula laini cha soya kinachotetemeka kikiguswa, ili sindano iliyohangaika na vitambaa vigumu maisha yake yote ipate mapumziko. Hapo inashukuriwa sindano yenyewe. Muislamu au Mkristo wa Tabata akiona hivyo atasita, na ana haki ya kusita: dini yake imeulinda kwa karne nyingi mpaka kati ya kukithamini kitu na kukiabudu.

Hata hivyo, kupapasa dashibodi hakumfanyi mtu mshirikina. Kinachosumbua zaidi ni hesabu: “bibi” anayeshukuriwa ni nani hasa?

Mwalimu alikuwa na kaunta buku aliyoandika kila kilichofanyika kwenye gari. Oili kila kilometa 5,000. Shokapu za mbele, mara 3. Betri ya nne. Rejeta mpya, bushi, breki pedi zisizo na idadi. Mwaka wa tisa, injini ilipoanza kula oili, ilishushwa na kupandishwa nyingine, mtumba wa Japani, kutoka mtaa wa vipuri wa Gerezani. Baadaye mlango wa kushoto ukabadilishwa, bampa likafuata. Ukiondoa bodi, viti na harufu ya karafuu alizoziweka mkewe kwenye droo, sehemu kubwa ya gari lililotoka bandarini haikuwemo tena.

Kitendawili hiki ni cha kale. Mwandishi wa Kigiriki, Plutarch, aliandika kwamba Waathene waliitunza meli ya shujaa wao Theseus, wakibadilisha kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni meli ile ile, wengine wakakataa. Mwaka 1655 mwanafalsafa Thomas Hobbes akaongeza chumvi. Je, mtu akiziokota zile mbao kuukuu na kuziunga upya, meli ya Theseus ni ipi? Hobbes alibuni mfano huo akiwa ameketi mezani. Gerezani, hiyo ni kazi ya kila siku: taa, milango na shokapu vinavuliwa gari moja na kuvishwa jingine kabla ya saa sita mchana.

Serikali haina muda na ubishi huo. Kadi ya gari ina namba ya chasisi, na chasisi ikiwa ile ile, gari ni lile lile. Jibu hilo linamtosha trafiki. Lakini hakuna mtu anayeishukuru namba ya chasisi.

Ukiifungua ile kaunta buku, utaona kitu kimoja ambacho hakikubadilika tangu ukurasa wa kwanza: mikono. Fundi alikuwa yule yule wa chini ya mwembe, na mwalimu yule yule ndiye aliyefunua boneti kila Jumamosi kuangalia maji na oili. Nyuma yao wapo wengine. Mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kibovu kisiendelee kufumwa. Mwanawe, Kiichiro, akaanzisha Toyota, kampuni ya magari iliyoiunda Vitz, mwaka 1937, na kanuni ya baba ikahamia humo: mfanyakazi akiona kasoro, ana ruhusa ya kuisimamisha kazi.

Kiswahili kinasaidia hapa. Imani, amana na uaminifu vimetoka katika mzizi mmoja wa Kiarabu. Gari haliwezi kuwa aminifu, maana haliwezi kusaliti. Linaweza tu kubeba amana ya watu ambao wangeweza kulipua kazi, wakakataa. Kigiriki nacho kinasaidia. Ulaya, Vitz iliuzwa kwa jina la Yaris, ambalo Toyota inasema limetokana na Charites, miungu wa kike wa Kigiriki. Neno lenyewe, charis, ndilo ambalo Biblia ya Kiswahili inaliita neema. Paulo alilitumia hilo hilo aliposema Mungu ashukuriwe. Kwa Wagiriki, kipawa na shukrani vililala kitanda kimoja.

Kwa hiyo dua ya mwalimu ilikuwa sawa, na makofi yake hayakuwa na dhambi. Kasoro yake ni moja: dua ilifika juu kabisa, makofi yakaishia kwenye plastiki, na waliokuwa katikati wakasahauliwa.

Mwalimu mwenyewe, nadhani, alilijua hilo. Alipostaafu aliiuza Vitz kwa nesi kijana wa Kimara. Alimkabidhi funguo mbili, kadi na ile kaunta buku. Kwenye ukurasa wa kwanza, juu ya tarehe zote, iliandikwa kwa wino mwekundu namba ya simu ya fundi.