Wembe wa Kwanza Unolewe na Anayejua

Wembe wa kukunja, ule unaochomoka ndani ya mpini wake, mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa bado haufai kugusa shavu la mtu. Makali unayo, na karatasi utaikata vizuri tu. Lakini ndevu zilizolowa zinataka makali ya namna nyingine, na hayo hutiwa kwa mkono, juu ya kinoo, na mtu anayejua anachofanya. Viwanda vingi havina muda wa kazi hiyo. Ndiyo maana anayeupata wembe wa namna hii kwa mara ya kwanza hukutana na swali ambalo hakulitarajia: ataunoa nani?

Nyumbani kwangu swali hilo aliingia nalo mpwa wangu. Kijana amechoshwa na vipele. Sisi wenye ndevu za kujikunja tunaijua adha yenyewe: zile nyembe za plastiki zenye visu vitatu au vinne huuvuta unywele na kuukata chini ya usawa wa ngozi, nao ukiota tena hujipinda na kuchoma ndani kwa ndani. Akaamua kurudi kwenye makali mamoja. Rafiki yake aliyeko Ujerumani akamletea wembe wa Solingen, mji ambao jina lake linalindwa na sheria, lisigongwe kwenye kisu wala wembe ambao haukutengenezwa huko.

“Mjomba,” akaniambia, “si ninunue tu kinoo ninoe mwenyewe? Video za kufundisha zipo tele.”

Nilimwambia asubiri, na sababu yangu naiamini kwa dhati. Mtu anayejinyoa kwa wembe huu mara ya kwanza bado hajajua aulaze vipi shavuni, ngozi hajazoea kuivuta, na povu lake la sabuni pengine ni jepesi mno. Wembe ukikwaruza na kuacha mabaka, kosa ni la mkono au la makali? Kama makali kajitilia mwenyewe, hana njia ya kujua. Atanoa upya mahali alipopaswa kulegeza mkono, na atalegeza mkono mahali alipopaswa kunoa. Jicho nalo halitamsaidia. Unywele wa binadamu una unene wa mikroni 50 hadi 100 hivi, na ncha ya makali yaliyonolewa vizuri haifikii hata mikroni moja. Hayo huyatambua kwa ngozi, na ngozi ambayo haijawahi kuguswa na makali kamili haina cha kulinganisha nacho. Mwanafunzi wa udi huwekewa nyuzi sawa na mwalimu kwanza, ili sikio lishike sauti iliyo sahihi kabla vidole havijaanza kuitafuta. Nilitaka mpwa wangu naye aanzie kwenye makali yasiyo na shaka, hata kama ni mara hiyo moja tu.

Tukaanza na mnoa visu anayepita mtaani kwetu Ilala na baiskeli yake. Huisimamisha kwa stendi, akapiga pedali, na jiwe la duara likazunguka mbele yake. Visu vya jikoni, mapanga, mikasi ya mafundi cherehani, vyote anavinoa na watu hawalalamiki. Aliupokea wembe, akaufungua, akautazama kwa muda. Kisha akaufunga taratibu na kunirudishia.

“Huu siuwezi, mzee wangu. Jiwe langu litauua.”

Jibu lile nimeliwaza mara nyingi. Wateja wake siku ile walikuwa wachache, na angeweza kupokea hela yetu, akausugua, akaurudisha unang'aa. Nasi tungeondoka tukishukuru. Lakini alijua kwamba jiwe kavu linalozunguka hutoa cheche, na makali ya wembe ni membamba kiasi kwamba joto huyapanda kwa nukta chache. Chuma cha pua kikipata moto hadi kikageuka rangi ya samawati, ugumu wake umekwisha. Utakinoa leo, kesho kitakuwa butu. Kazi yote ya aliyekifua inapotea hapo. Fundi anayejua kazi yake inaishia wapi, na akalisema hilo mbele ya mteja mwenye pesa mkononi, namheshimu sana. Visu vya nyumbani kwangu havinolewi na mwingine.

Jambo jingine nililoliona pale ni jinsi alivyokuwa akigeuza uso kukwepa vumbi la jiwe. Sheffield, mji wa Uingereza uliotawala biashara ya visu na nyembe, ulijengwa na wanoaji waliolivuta vumbi hilo maisha yao yote. Friedrich Engels aliandika mwaka 1845 kwamba walionoa kwenye mawe makavu kwa wastani hawakufika sana miaka 35, na wa mawe yenye maji walipita miaka 45 kwa nadra. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba mnoaji anatoza ghali, mimi hunyamaza. Nilimwomba mnoaji wetu afunge walau kitambaa puani, na ningependa kumwona na barakoa ya kazi.

Ndiye aliyetuelekeza kwa mzee mmoja wa asili ya Tanga, kinyozi aliyestaafu. Watu wa aina yake wamebaki wachache, na sababu ni ya siku nyingi. Mwaka 1903 King Camp Gillette alianza kuuza Marekani wembe ambao haunolewi. Ukiisha makali unautupa. Mwaka ule wa kwanza aliuza nyembe 51 na vipande vya kubadilisha 168. Baadaye dunia nzima ikamfuata. Kwetu vinyozi wakahamia kwenye mashine, na Ukimwi ulipoingia tukafundishana kwamba kila mteja awe na wembe wake mpya. Hilo lilikuwa jema na liendelee, na wembe huu wa mpwa wangu nao hautaguswa na ndevu za mtu mwingine. Ila vinoo viliondoka pamoja na nyembe za zamani, na waliovijua hawakupata wa kuwarithisha.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba. Kuna mtu kanyolewa na huu?”

Hilo ndilo lilikuwa swali lake la kwanza. Tulipomjibu kwamba bado, aliufuta kwa spiriti hata hivyo. Akamwagia kinoo maji, akaulaza wembe ubapa kabisa, mgongo na makali vyote vikigusa jiwe. Hapo nikauelewa ubora wa chombo hiki: mgongo wenyewe umetengenezwa unene unaoshika pembe, mnoaji asilazimike kubahatisha. Kazi yake ni kutouinua na kutoukandamiza. Aliupeleka makali yakitangulia, akaugeuzia juu ya mgongo wake, akaurudisha, uzito wa mkono ukipungua kadiri alivyoendelea. Alianza na jiwe lenye chembe za wastani, akamalizia na jiwe laini kiasi kwamba ukilipapasa utadhani ni kioo. Mwisho ukanda wa ngozi, na hapo mwendo ukageuka: mgongo ndio unaotangulia, kwa kuwa makali yakitangulia yataikata ngozi. Akaupitisha juu ya malaika ya mkono wake bila kugusa ngozi, yakaanguka. Akaufuta tena kwa spiriti.

Bei aliyotaja ilikuwa ndogo mno. Kijana akaongeza kwa hiari yake, nami nilifurahi kumwona anafanya hivyo.

Kinyozi hajinyoi, walisema wahenga, na mzee alitusimulia kwamba hata wembe wake wa kwanza ulinolewa na aliyemfundisha kazi. Kwa hiyo mpwa wangu alipoomba kufundishwa kunoa, hakukataliwa. Alipewa masharti.

“Nyoa kwanza, mjukuu wangu. Uupitishe kwenye ukanda kila asubuhi, uukaushe, uupake mafuta kidogo, hewa yetu hii ya chumvi inaleta kutu. Siku utakapoanza kuvuta utajua mwenyewe, maana sasa unajua ulivyokuwa. Ukija siku hiyo, njoo na wembe mwingine wa bei rahisi. Tutaanza na huo.”

Ameshaupata mmoja kwenye mitumba ya Karume, kutu imeushika mgongoni tu, na mzee amesema makali yake bado yanatengenezeka.