Nani Kanichangia Mimi?

Watanzania tumeshazoea kutoa jasho kwa ajili ya wagonjwa. Tangu mwaka 2002 mgodi wa dhahabu wa Geita, jirani zetu hapa Mwanza, umekuwa ukipandisha watu Kilimanjaro kutafuta fedha za mapambano dhidi ya UKIMWI. Mbio za NBC Dodoma Marathon zimechangisha kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Mlima tumeupanda, lami tumeikimbia. Ziwa lililo mlangoni petu sisi wa Mwanza tumewaachia wavuvi na kampuni ya bia. Na kampuni ya bia nayo tuipe haki yake: mbio za mitumbwi za Balimi zilituonyesha wanawake wakipiga kasia mbele ya umati, na aliyeiona mikono ile hakurudia kuwaita viumbe dhaifu.

Kwa hiyo marafiki zangu waliposema wanataka kwenda Nansio kwa tanga, bila injini, kuchangisha fedha za afya ya wanawake wa visiwa vya Ukerewe, nilijiandikisha kabla hata ya kuuliza gharama. Meli hutumia kama saa tatu. Sisi tutafika Mungu akipenda.

Tukashuka Mwaloni, Kirumba, kutafuta nahodha. Mzee mmoja wa Ukara alitusikiliza huku akishona wavu wake.

"Mnavuka kufuata nini?"

Tukaeleza.

"Kwa hiyo watu watawapa hela kwa sababu mmevuka?"

"Si sisi, mzee. Zitakwenda kwa akina mama."

"Mimi nimevuka maisha yangu yote. Nani kanichangia mimi?"

Hakuwa na hasira. Alitaka jibu, na hatukuwa nalo.

Tangu siku hiyo safari yetu naitazama kwa jicho jingine. Sisi tutachagua siku. Tutasikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa, tutavaa maboya, tutang'oa nanga alfajiri wakati upepo wa nchi kavu bado unasukuma kuelekea ziwani, kabla haujageuka mchana. Mama aliyeshikwa na uchungu kisiwani Irugwa saa nane za usiku hachagui upepo. Utafutwe mtumbwi wenye injini, itafutwe petroli, yasubiriwe mawimbi yatulie, na uzazi pingamizi wakati huo hausubiri. Saa hizo ndizo zinazozaa fistula: kichwa cha mtoto kinabana mpaka nyama inakufa, mtoto mara nyingi hatoki hai, na mama anabaki mkojo unamvuja na watu wanahama kwenye benchi alilokalia.

Mkoa huu unajua dawa ya saa hizo. Sengerema ni miongoni mwa sehemu ambako m-mama, mpango wa kuwafikisha wajawazito hospitalini wakati wa dharura, ulijaribiwa mwanzoni: simu ya bure, dereva wa kawaida wa kijijini, nauli yake inalipwa kwa simu. Leo namba yake, 115, ni ya nchi nzima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015/16. Sababu za kushuka huko ni nyingi, lakini katika m-mama napenda kwamba hakuna shujaa. Kuna dereva aliyelipwa.

Ndiyo maana kwenye kundi letu la WhatsApp nimegombana na wanaotaka tununue mashine yenye kibao cha jina letu. Mimi nasema petroli na nauli. Najua, petroli haina uzinduzi, na mgeni rasmi hawezi kuikatia utepe.

Na ikibaki hela, iende kwenye kichocho. Sijaona watu wakivaa fulana na kukimbia kwa ajili ya kichocho cha sehemu za siri za mwanamke, ingawa Afrika ni Nigeria tu inayoaminika kutuzidi kwa mzigo wa kichocho, na kanda hii ya ziwa ndiyo kitovu chake. Mwanamke anaingia majini mpaka magotini kufua na kuchota maji. Vimelea wanaotoka kwa konokono wanapenya ngozi, minyoo inakomaa mwilini, mayai yake yananasa mpaka kwenye mlango wa kizazi: vidonda, damu isiyo ya hedhi, wakati mwingine utasa. Zahanati anaweza kutibiwa kama mwenye ugonjwa wa zinaa, akarudi, akatibiwa hivyo hivyo, na nyumbani mume akaanza maswali. Watafiti wa taasisi ya NIMR na hospitali ya Bugando, hapa hapa mjini, wameliandika tatizo hili kwa miaka. Dawa ya kuua minyoo, prazikwanteli, ipo, ila makovu ya zamani haiyafuti, na ugawaji wake kwa muda mrefu umelenga watoto wa shule. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilishauri kampeni hizo ziwafikie na watu wazima.

Je, tanga la nini basi, si tuchange tu? Tungechanga, lakini tunajuana. Machi 2021 jahazi la Flipflopi, lililoundwa Lamu kwa taka za plastiki na kuvikwa kandambili za kila rangi, lilisafiri Ziwa Victoria kuanzia Kisumu, na watu ambao wasingehudhuria semina ya mazingira walishuka ufukweni kulitazama. Hiyo ndiyo kazi ya tanga letu: watu washuke ufukweni, kisha tuwaambie habari za petroli na konokono.

Mzee amekubali kutupeleka. Tulipomwomba apunguze bei kwa kuwa ni hisani, alikataa, nami nikamuunga mkono: angalau yeye alipwe kuvuka. Tunachobishania sasa ni injini. Wenzangu wanaona tukiibeba tutakuwa tumewadanganya wachangiaji. Mzee anasema bila injini chini ya turubai hang'oi nanga, maana yeye ana wajukuu na ziwa halina habari na michango yetu.

Injini itakuwemo.