Kwa Baiskeli Mpaka Taita

Sisi wa Tononoka, Mombasa, tukijiwa na mgeni anayependa historia, humpeleka Fort Jesus, ngome ya Wareno iliyoanza kujengwa 1593, tukaona yatosha. Lakini panda baiskeli alfajiri, uvuke Makupa, uone historia inavyokwenda nawe mpaka milimani.

Mackinnon Road teremka, kama wafanyavyo wasafiri wengi, kwenye kaburi la walii Seyyid Baghali kando ya reli. Omba dua, nywa maji. Usiku lala Voi. Si haba, ni kama kilomita 150.

Kesho yake, ukishafika Mwatate, barabara ya Wundanyi yaanza kupinda na kupanda. Ni gia nyepesi kabisa, mapaja yanawaka moto, jasho laingia machoni. Ila mwendo huo wa polepole ndio unaokuwezesha kusikia maji mabondeni na kuitikia salamu za watoto. Gari halikupi hayo. Huko juu Wataita waliweka mafuvu ya wazee wao mapangoni, kwa heshima kubwa. Na upande wa Taveta kuna kilima cha Salaita, ambako tarehe 12 Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani na askari wao waliyarudisha nyuma majeshi ya Uingereza. Waafrika wengi waliobeba mizigo ya vita vile hawana hata kaburi lenye jina, na hilo laniuma.

Nanyi madereva wa malori ya Nairobi, nawaomba: mkimkuta mwendesha baiskeli njiani, mpeni nafasi apite salama.